Miaka tisa ya jarida la kujitolea, na deni la kujibu

Mwaka 2015 nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari ya mama mdogo hapa Tanga, Ngamiani, kazi zenyewe ndo hizi mnazozijua, kutoa kopi, kuchapa barua za kuomba kazi, kulamineti vyeti, picha za pasipoti. Siku moja jioni akaingia mzee mmoja na kaunta buku kwapani, limefungwa na kamba ya katani, akaniambia binti yangu nataka haya yote yachapwe, bei gani? Nikamwambia ukurasa mia tano. Nikafungua, ni mashairi matupu, mwanzo hadi mwisho, wino wa bluu, kila shairi lina tarehe yake chini na mengine ni ya mwaka 1961.

Nilichapa wiki mbili, kidogo kidogo wateja wakipungua. Nilipomaliza nikamuuliza, mzee wangu haya yanakwenda wapi sasa? Akasema yanakwenda kabatini, wajukuu watayakuta. Halafu akakaa kwenye benchi akanihadithia kwamba kulikuwa na gazeti la kila mwezi, Mambo Leo, lilianza 1923 na yeye alilikuta akiwa shuleni, mtu unatuma shairi lako kwa posta linatoka, alafu mtu wa huko Lindi au Mwanza ambaye hujawahi kumtia machoni analijibu kwa shairi, na ukiona umejibiwa unajua hapo umesomwa. Akasema siku hizi naandika lakini hakuna anayenijibu.

Hiyo kauli ndo iliyonifanya nianzishe jarida. Sikuwa na elimu ya uhariri, nilikuwa na kidato cha nne na kompyuta ya steshenari, na nilikuwa napenda kusoma kupita kiasi. Nikawatafuta watu niliokuwa nawajua kwenye grupu moja la WhatsApp la wapenda ushairi, tukawa wanne: mimi Tanga, dada mmoja Mombasa mwalimu wa shule ya msingi, kaka mmoja Dar anayejua mambo ya tovuti, na kijana wa Unguja anayechora. Wote bure, hakuna anayelipwa, na mpaka leo miaka tisa baadaye hakuna anayelipwa katika wanaoliendesha. Tukafungua tovuti ya WordPress mwezi wa tatu 2016, tukaandika tangazo kwamba tunapokea mashairi, hadithi fupi, insha, picha na michoro, kwa Kiswahili tu.

Hapo ndo nikajifunza jambo la kwanza na ndo kubwa kuliko yote niliyojifunza, kwa hiyo niruhusuni nikae nalo kidogo.

Tulidhani shida itakuwa kupata kazi za waandishi. Wiki mbili za kwanza zikaja imeili 143. Mia moja arobaini na tatu! Watu walikuwa nazo madaftarini miaka yote wanasubiri mtu awaulize. Sisi tulifurahi, tukachagua 12, tukazipanga, tukatoa toleo, tukapongezana kwenye grupu, tukasahau kabisa kwamba kuna watu 131 wamekaa wanaangalia simu zao. Hatukuwajibu. Hatukufanya kwa dharau, tulijua tutawajibu tukipata nafasi, na nafasi haikupatikana kwasababu kazi za toleo la pili zilikuwa zimeshaanza kuingia.

Mwezi wa nane nikapata imeili ya binti mmoja wa Kigoma. Nimeitunza mpaka leo. Alisema alituma hadithi mwezi wa tatu, amekuwa akiingia kafe ya intaneti kila Jumamosi kuangalia kama tumemjibu, nauli ya kwenda na kurudi mjini ni elfu mbili, na sasa anaomba tu tumwambie kama hadithi ni mbaya ili asiende tena. Nilipiga hesabu ya hizo Jumamosi, zilikuwa zaidi ya 20. Nililia, sitaki kuficha. Nilimkumbuka mzee wa kaunta buku, nikaona nimefungua duka la kuuza kile alichokuwa anakilalamikia.

Tukafunga kupokea kazi kwa miezi miwili na hatukutoa toleo, tukakaa kujibu. Na hapo ikaja kazi nyingine ngumu ambayo sikuitegemea, nayo ni kwamba unamkataaje mtu kwa Kiswahili. Barua yetu ya kwanza ya kukataa niliianza na "Tunasikitika kukujulisha kwamba", nilikuwa nimeichukua kwenye zile barua za kazi nilizokuwa nachapa steshenari, manake ndo mfano pekee nilioujua. Dada wa Mombasa akaniambia hapana, hii ni barua ya kumfukuza mtu. Ukienda kwa mtu kumwambia jambo zito huanzi na jambo, unapiga hodi, unamsalimia, unauliza hali, unakaa, ndo unasema. Na huyu ametuletea kitu chake cha ndani kabisa.

Kwa hiyo tukabadilisha. Salamu kwanza, ya kweli. Kisha unamtajia kitu kimoja kutoka kwenye kazi yake, mstari au sehemu, uandike maneno yake mwenyewe ajue umesoma. Kisha unamwambia wazi kwamba toleo hili hatutaichukua, neno "hatutaichukua" lionekane lisifichwe, kwasababu kuna barua tulikuwa tunaandika kwa upole mwingi mpaka mtu anajibu "asanteni, itatoka lini?" Kisha sababu moja, moja tu, ile ambayo akiirekebisha kazi itasogea. Ukimpa sababu saba umemvunja.

Mfano ulionikaa ni hadithi moja ya kondakta wa daladala. Kurasa tatu za mwanzo zilikuwa zinaeleza asubuhi ilivyokuwa, jua, foleni, abiria, mambo ambayo sisi sote tunapanda daladala tunayajua. Ukurasa wa nne kondakta anahesabu pesa za asubuhi anakuta noti ya elfu kumi imeandikwa kwa kalamu namba ya simu na neno "mwanangu". Nikamjibu, ndugu yangu, hadithi yako inaanzia kwenye hiyo noti, hayo mengine unaweza kuyatupa yote na hatutayakosa. Akakaa kimya miezi mitatu, nikajua nimemuudhi. Kisha akaleta, noti iko sentensi ya kwanza, hadithi nzima imekuwa kurasa tano na ilikuwa moja ya kazi nzuri kabisa tulizowahi kutoa.

Barua ya namna hiyo inakula dakika 20 mpaka 30. Ukiwa na kazi mia ni kama saa 33 mpaka 50, yaani wiki nzima ya mtu mwenye ajira, na wote tuna ajira. Kwa hiyo ikabidi tupunguze mlango. Tunapokea kazi wiki mbili tu kwa kila toleo alafu tunafunga, kila kazi inapewa namba kwenye jedwali la Google, linaonyesha imeingia lini, nani anaisoma, na tarehe ya mwisho ya kujibu ambayo ni siku 30. Zamani tulitaka kutoa kila mwezi. Tukashuka mpaka matoleo matatu kwa mwaka, masika, kipupwe na vuli, na nafikiri huo ndo uamuzi uliotuokoa. Kaskazi tunapumzika, watu wana harusi na wageni.

Sasa nieleze kosa langu jingine, hili nalo lilinifundisha kwa kuniumiza.

Toleo la vuli 2017 mzee mmoja wa Mombasa, Mji wa Kale, alituletea shairi. Mzee hana kompyuta, alimsomea mjukuu wake naye akachapa kwenye simu. Mimi ndo nilikuwa mhariri wa mashairi. Shairi lilikuwa linaanza hivi:

Nilifumba yangu mato, nikaiwata safari,
Kifua kina uzito, na mbele kuna bahari.

Mimi ni wa Tanga, nilikuwa najua Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa kusikia kwa mbali tu. Nikaona "mato", nikasema mjukuu amekosea. Nikaona "nikaiwata", nikasema hili nalo kosa. Nikahesabu mizani, yaani silabi, macho na mato ni mizani miwili miwili, kuacha na kuwata mitatu mitatu, mstari unabaki na 16 zake, nane kwa nane. Nikarekebisha kimya kimya: "Nilifumba yangu macho, nikaiacha safari." Nikaona nimemfanyia mzee hisani. Likatoka.

Siku ya pili simu ikaita, namba ya Kenya. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, hujambo, wazima huko, nyumbani vipi, akamaliza salamu zote kwa utulivu alafu akaniuliza, mwanangu, hayo macho yametoka wapi? Mimi sikuandika macho. Hebu nisomee.

Nikamsomea kwa sauti. Nilifumba yangu macho... kifua kina uzito... na hapohapo kabla sijafika mwisho wa mstari nikasikia mwenyewe. Kina cha kati, ile silabi inayofanana mwisho wa nusu ya kwanza ya kila mstari, kilikuwa "to", mato, uzito, na kimeendelea hivohivo beti nzima, na mimi nimekivunja mstari wa kwanza kabisa, mstari ambao mtu anaingilia nao shairi. Nilikuwa nimehesabu mizani kwa macho na vidole, sikuwa nimelisikiliza shairi hata mara moja. Na hata lingekuwa halina kina, ile ni lugha yake. Kimvita mato ni macho na kuwata ni kuacha, watu wametunga kwa lugha hiyo kabla hata Kiswahili sanifu hakijazaliwa. Mzee hakupandisha sauti. Alisema tu, mwanangu, mimi nimesoma mashairi ya bara miaka sitini sijamrekebisha mtu.

Tukarudisha maneno yake siku ileile na tukaandika chini kwamba mhariri alikosea na tunamuomba mshairi radhi. Kuanzia hapo ikawa sheria, hakuna neno la mwandishi linalobadilishwa bila kumuuliza, hata nukta. Kazi ya lahaja inatoka kwa lahaja yake na chini tunaweka maana za maneno machache kwa ajili ya msomaji wa mbali. Dada wa Mombasa ndo akawa mlinzi wa hilo, alisema mtu wa bara akisoma "ndoo kwangu" akadhani anaitiwa ndoo ya maji, tumweleze kwamba ndoo ni njoo, ajifunze, ameongeza neno.

Na sheria ya pili, kila kitu kinasomwa kwa sauti na watu wawili kabla hakijatoka. Mmoja anasoma, mwingine anafuata kwenye nakala ya mwandishi, kwa simu au kwa sauti za WhatsApp. Hii imetusaidia sana pia na balaa la simu zinazojirekebisha zenyewe. Waandishi wetu wengi wanaandika kwenye simu na simu nyingi zinadhani unaandika Kiingereza, unaandika "hapa" inakuletea "happy", unaandika "kama" inakuletea "karma", na jicho likichoka linapita tu hapohapo. Ulimi haupiti. Ukisoma kwa sauti unajikwaa.

Kusoma kwa sauti ndo kulituleta kwenye kuweka sauti ndani ya jarida. Yule mzee wa Mji wa Kale tulimuomba aghani mwenyewe shairi lake, mjukuu akamrekodi kwa simu chumbani, feni imezimwa, khanga zimetundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Jamani. Nilikuwa nimelisoma lile shairi mara kumi na kumbe sikuwa nalijua. Pale kwenye "na mbele kuna bahari" anaivuta ile "ha" mpaka unahisi maji. Tangu siku hiyo shairi la arudhi, yaani la vina na mizani, halitoki kwetu bila sauti ya mtunzi, isipokuwa yeye mwenyewe asitake. Mashairi haya yalitungwa yaimbwe, ukiyaacha kwenye skrini peke yake umeyapunguza.

Lakini sauti ni nzito na msomaji wetu ananunua bando. Hili nalo tulijifunza kwa kuambiwa, msomaji mmoja alituandikia kwamba kufungua toleo letu moja kumemmalizia bando lake la siku nzima. Nikaenda kuangalia, picha za mchoraji tulikuwa tumezipandisha kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja megabaiti 4 au 5, na ziko 14. Sasa kila picha tunaipunguza mpaka upana wa pikseli 1200 na uzito usizidi kilobaiti 150, na kwa skrini ya simu huoni tofauti. Sauti tunaziweka mono, yaani mkondo mmoja, kilobiti 64 kwa sekunde, dakika tatu zinakuja kama megabaiti 1.4. Na haijichezi yenyewe, msomaji abonyeze akitaka. Ni mambo ya kiufundi, ila kwangu mimi ni adabu kama ile ya kumwambia mgeni apite asivue viatu kwenye tope.

Kuhusu picha na michoro niseme kwa ufupi tu kwamba tulichelewa kuwaheshimu wachoraji. Tulikuwa tunamwambia yule kijana wa Unguja "tuchoree kitu cha kuendana na hadithi", usiku wa kuamkia toleo, na jina lake tunaliweka kwa herufi ndogo chini kabisa. Siku moja akasema na mimi ni mtunzi. Alikuwa sahihi. Sasa anapewa hadithi wiki tatu kabla, anaweza kukataa, na mara nyingine tunageuza, yeye anachora kwanza na mwandishi anaifuata picha. Toleo moja alitupa michoro ya mikono tu, mikono inayosuka ukili, inayopara samaki, inayofunga mlango, na ndo toleo lililoandikiwa na wasomaji wengi kupita yote.

Mwaka 2018 hapa Tanzania zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni na blogu nazo zikatakiwa kuwa na leseni, ada ilikuwa inapita shilingi milioni moja, na sisi mfuko wetu wote ulikuwa laki mbili na kidogo. Tukasimama miezi kadhaa, tukajadiliana, mwisho tovuti ikahamia kwa wenzetu wa Mombasa ambao wakati huo walishakuwa watatu, na uhariri wote ukafanyika huko. Mimi nikabaki kusoma na kushauri kwa muda. Nakumbuka ile kimya ya miezi ile, nilivyokuwa naamka nafungua simu kwa mazoea kuangalia imeili za jarida.

Hapo kwenye kuhama ndo tulifanya kosa ambalo nawaomba wote mnaotaka kuanzisha kitu kama hiki mlisikie vizuri. Tulihamisha kila kitu isipokuwa domeni. Domeni, yaani lile jina la tovuti, ilikuwa imenunuliwa na yule kaka wa Dar kwa imeili yake na kadi yake, na hakuna aliyefikiria. Kaka akapata nafasi ya kusoma nje, akaondoka, imeili ile akaacha kuitumia. Sina lawama naye hata kidogo, alitutumikia miaka minne bure na sisi ndo hatukumuuliza. Mwaka 2020 asubuhi moja dada ananipigia, fungua jarida. Nafungua, nakuta ukurasa mweupe wenye matangazo ya mikopo. Matoleo yote 13, kazi za watu zaidi ya 150, hakuna kitu.

Niliyojifunza katika siku zile tatu za kutolala ni haya. Domeni ya .com ikiisha muda haipotei papo hapo. Kwa kawaida kuna wiki kadhaa unaweza kuilipia kwa bei yake ileile ya zamani, zikipita hizo kuna siku 30 nyingine za kuikomboa ambapo unalipa faini kubwa, zikiisha na hizo zinabaki siku tano na baada ya hapo mtu yeyote duniani anaweza kuinunua. Sisi tulikuwa kwenye siku ya 22 ya zile 30. Kaka alipatikana kupitia dada yake, akaingia, tukachangishana kwa simu, mwingine elfu kumi mwingine elfu tano, faini ikalipwa. Tovuti ikarudi, ila kurasa za matoleo mawili zilikuwa zimeharibika kabisa katika kuhangaika huko na tulizipata kwenye ile hazina ya Internet Archive ambayo hutunza nakala za tovuti. Nilikaa naziandika upya moja moja usiku.

Leo pasiwedi zote ziko kwenye bahasha mbili za kaki, moja kwangu Tanga moja Mombasa, domeni iko kwenye imeili ya jarida, imelipiwa miaka mitano mbele, na kila toleo likitoka tunalifanya PDF na kuliweka sehemu tatu tofauti. Na kila mwandishi anatumiwa nakala yake. Ikiwa sisi tutapotea, kazi yake asipotee nasi.

Wizi nao tulipata. Shairi zuri, lugha imekaa, tukalitoa, siku mbili baadaye mwalimu mmoja mstaafu akatutumia picha ya ukurasa wa kitabu cha zamani, shairi lilelile beti tano zote, limebadilishwa jina tu. Tukaliondoa haraka na kuomba radhi hadharani. Aliyetuletea shairi hakujibu simu tena. Mtandaoni huwezi kulikamata hilo kwasababu vitabu vyetu vingi vya zamani havimo mtandaoni, ukitafuta hupati kitu. Kwa hiyo mashairi ya arudhi yote tunawasikilizisha wazee wawili kabla ya kutoa, mmoja ni yule wa Mji wa Kale. Wameshatuokoa mara mbili, kichwani mwao kuna maktaba.

Kitu kingine ni uchovu wa watu. Mtu anayejitolea hakuambii amechoka. Anakaa kimya, tiki za bluu zinaonekana amesoma ujumbe, hajibu, wiki inapita, alafu anaona aibu kurudi kwasababu amekaa kimya muda mrefu, na hapo umempoteza kama mhariri na pengine kama rafiki. Tulipoteza watu wazuri wanne hivohivo. Dada wa Mombasa alikuwa anafuatilia sana kazi ya wenzetu wa Jalada, ile jumuiya ya waandishi, ambao mwaka 2016 walitoa hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa Kigikuyu ikiwa imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 30 kwa mpigo mmoja. Akaniambia angalia, kila mtu alibeba lugha yake moja akaimaliza, hakuna aliyeambiwa abebe jarida zima milele.

Sasa tunakwenda kwa zamu. Unashika kazi moja, kwa mfano kusoma hadithi, kwa toleo moja tu. Toleo likitoka zamu yako imeisha, unashukuriwa kwa jina ndani ya jarida, na kama unataka kuendelea unasema tena mwenyewe. Usiposema hakuna anayekuuliza kwanini. Tangu tuanze hivyo watu wanaondoka kwa amani na wengi wanarudi. Kuna mama mmoja wa Bujumbura ameshashika zamu sita, kila akijifungua anapumzika anarudi.

Na pesa. Kila mwenye zamu anayeweza anatoa elfu tano kwa mwezi, wasomaji kadhaa nao wanachanga, inatosha kulipia tovuti na inabaki. Kinachobaki kinaenda kwa waandishi na wachoraji, elfu ishirini kila mmoja tukiweza, elfu kumi tusipoweza. Ni kidogo, najua. Lakini miaka ya mwanzo tulikuwa tunawaambia waandishi kwamba malipo yao ni kujulikana, na mimi sentensi hiyo sitaki kuitamka tena maishani. Mama mmoja wa Pangani aliponipigia kusema elfu ishirini imeingia kwenye simu na amenunua unga na kalamu, nilielewa kwamba kalamu ile ndo malipo yangu mimi.

Yule mzee wa kaunta buku tulimtolea mashairi saba kabla hajafariki 2019. Moja la mwaka 1961 tuliliweka toleo la kwanza kabisa, linauliza swali kuhusu mtu anayerudi kwao asitambulike na mbwa wa nyumbani, na anamaliza kwa kuwaomba washairi wamjibu. Lilikaa pale. Mwaka huu mwezi wa tano, miaka tisa baada ya kulitoa, imekuja imeili kutoka Muscat, kijana ambaye babu yake alihamia huko kutoka Unguja, anasema amekutana na lile shairi akitafuta kitu kingine na amelijibu. Beti nane, vina vilevile vya mzee, anasema mbwa alimtambua, watu ndo hawakumtambua.

Nimempigia mjukuu wa mzee nikamsomea. Alinyamaza alafu akaniomba nisome tena.

Jibu hilo linatoka toleo la vuli, mzee na kijana ukurasa mmoja, na kijana ameshaghani tayari, tumebaki kuipunguza uzito sauti yake. Nina kazi 17 za kujibu kabla ya Ijumaa. Ya kwanza ni hadithi ya mvulana wa Songea anayemfundisha bibi yake kusoma ujumbe wa simu, mwisho wake bado haujakaa lakini kuna sehemu bibi anashika simu kwa mikono miwili kama anayepokea chakula, na barua yangu nitaianzia hapo.